Siku Niliyoifungia Betri Ndani ya Gari

Niliporudi Dar es Salaam mwezi wa Agosti, baada ya siku 47 za kusimamia ujenzi wa nyumba ya mama yangu Bukoba, nililikuta gari langu salama kabisa chini ya mwembe, limejaa vumbi na majani makavu, na halifunguki. Hakuna mtu aliyekuwa amelichezea. Aliyelifunga kwa namna ile nilikuwa mimi mwenyewe, tena nililifunga huku nikijisifu moyoni kwamba nimefanya jambo la busara kabla ya safari.

Gari lenyewe ni Toyota Prius ya kizazi cha pili, iliyotengenezwa mwaka 2007, ambayo ilifika nchini ikiwa imekwisha kutumika Japani. Watu wengi wakilisikia jina la gari hilo hufikiria betri yake kubwa, ile ya volti 201.6, ambayo husaidiana na injini kulisukuma gari. Pamoja na hiyo, hata hivyo, ipo betri nyingine ya volti 12, ambayo kazi yake ni kuamsha kompyuta, kuwasha taa, kuendesha vitasa vya milango na kuziamuru swichi zinazoiunganisha ile betri kubwa na gari. Hii ndogo ikizima, ile kubwa hubaki na umeme wake wote pasipo njia ya kuutoa. Kwa kuwa betri hii ndogo haizungushi stata, maana injini ya Prius huzungushwa na mota inayotumia umeme wa betri kubwa, waundaji waliifanya ya umbo dogo na kuiweka nyuma, upande wa kulia wa buti, chini ya vifuniko vya plastiki. Kumbuka mahali hapo, kwa sababu mkasa wote unatokana na mahali hapo.

Gari lililoegeshwa halilali usingizi mzito. Kipokezi cha rimoti husikiliza muda wote kama mwenye ufunguo anakaribia, saa huendelea kutembea, na kompyuta hutunza kumbukumbu zake. Tuseme vyote hivyo kwa pamoja vinakula milliampia 30. Kwa saa 24 hiyo ni karibu ampia-saa 0.7, na kwa siku 47 inakaribia ampia-saa 34, kiasi kinachotosha kabisa kuikausha betri ndogo kama yangu, hasa ikiwa imekwisha kuzeeka. Hesabu hiyo niliifanya mezani usiku wa kuamkia safari, nikaamua kuchomoa waya wa hasi. Ushauri huo ni mzuri na bado nauamini. Tatizo lilikuwa namna nilivyoutekeleza.

Asubuhi ile niliinua mlango wa nyuma, nikatoa vifuniko, nikachukua spana namba 10. Kabla ya kulegeza nati nilijiuliza nitafungaje milango ikiwa umeme umekatika, na hapo ndipo ujanja uliponijia: nikabonyeza rimoti, milango yote minne ikajifunga ta!, kisha nikachomoa waya wa hasi, nikauzungushia kitambaa usirudi kugusa nguzo ya betri, nikaitupa spana ndani ya buti na kuubamiza mlango wa nyuma. Gari likawa limefungwa pande zote. Nilisahau kwamba mlango wa nyuma wa Prius hii hauhitaji umeme kufunga lakini unauhitaji kufungua. Kitufe kilichoko juu ya kibao cha namba ni swichi tu. Hakuna waya wa chuma unaokiunganisha na kitasa, wala hakuna tundu la ufunguo pale nyuma. Kwa hiyo betri ilikuwa ndani ya buti, buti lilikuwa likisubiri umeme ili lifunguke, na umeme ulikuwa ukisubiri mtu aufikie waya uliomo ndani ya buti.

Shemeji yangu, ambaye huja haraka kila anaposikia neno gari, alifika na gari lake na kuniambia nilete waya za kubusti. Nikamwambia zimo ndani ya buti. Akauliza spana je. Nikamjibu kuwa nayo imo humo. Mke wangu, aliyekuwa amesimama barazani, alisema taratibu, "Akili nyingi huondoa maarifa," akaingia ndani, nami sikuwa na la kujibu.

Mpwa wangu wa kidato cha tatu naye alikuwa na mapendekezo aliyoyaona kwenye simu. La kwanza lilikuwa kutoboa mpira wa tenisi na kuubana kwenye kitasa, ati hewa itakisukuma kifunguke. Hewa ya mpira haina nguvu ya kusogeza kitasa cha gari, na video hizo ni mzaha. La pili lilikuwa kumpigia simu mtu mwenye rimoti ya akiba ili mlio wake upite kwenye simu. Nilimweleza kwamba rimoti haitoi sauti bali mawimbi ya redio, na kwamba hata kama mawimbi hayo yangefika, kipokezi chenyewe hakikuwa na umeme wa kuyasikia. Ilikuwa nafasi nzuri ya kumfundisha mtoto fizikia, ingawa mwalimu alikuwa nje ya gari lake mwenyewe.

Hapa niseme jambo ambalo watu hulichanganya. Rimoti ina kibetri chake chenye umbo la sarafu, na gari lina betri yake. Kikifa kile cha rimoti, gari bado liko macho, na ukibadilisha kibetri au ukiisogeza rimoti mahali palipoandaliwa, mambo huendelea. Ikizima ya gari, au ukiichomoa kama nilivyofanya, rimoti mpya kumi hazitakusaidia. Mimi niliona taa ndogo ya rimoti ikimweka kila nilipobonyeza na gari likikaa kimya, nikajua tatizo liko upande gani.

Ndani ya rimoti ya Prius umefichwa ufunguo wa chuma, mwembamba, mfupi, ambao hutoka ukisukuma kifungio kidogo ubavuni. Huo ndio mlango halisi wa kuingilia gari lisilo na umeme, na unaingia kwenye tundu moja tu, la mlango wa dereva. Nawashauri wote walionunua magari yaliyotumika wasukume kifungio hicho leo hii, kwa sababu magari mengi hufika na rimoti ambayo ufunguo wake wa ndani ulibaki Japani, na mwenye gari huja kuligundua pengo hilo siku ya shida. Wangu ulikuwepo. Ulizama tunduni vizuri, kisha ukagoma kuzunguka.

Nilijaribu kulia, nikajaribu kushoto. Shemeji akataka kuubana kwa koleo apate nguvu, nikamkataza, nami nafikiri katazo hilo ndilo jambo la pekee la busara nililolifanya siku ile. Ufunguo wa dharura ni mwembamba na una mfuo ubavuni. Ukiutia koleo hutasikia tena tofauti kati ya kitasa kinacholegea na chuma kinachopinda, na ukikatikia ndani ya tundu utakuwa umeifunga njia ya mwisho kwa kizibo cha chuma.

Tukampigia fundi wa funguo wa Kariakoo, kijana mpole mwenye begi la mgongoni. Kabla ya kufungua begi aliomba kuiona kadi ya gari, akalinganisha namba na kibao, ndipo akauliza kulikoni. Sikuudhika hata kidogo. Fundi asiyeuliza kadi atakufungulia gari lako leo na kesho atamfungulia mwingine lilelile. Alikuwa na kabari za plastiki na mfuko wa hewa, vile wanavyovipenyeza kwenye ukingo wa mlango ili kupata upenyo wa kuingiza fimbo ndefu na kuvuta kitasa cha ndani. Njia hiyo hufanya kazi kwa magari mengi ya Japani, lakini hupinda fremu ya mlango na kuumiza mpira wa kuzuia maji ikifanywa kwa pupa, na kwenye magari kadhaa ya Ulaya, yaliyofungwa kwa kufuli ile inayokata hata vishikio vya ndani, fimbo haisaidii kitu. Nikamwomba aanze na tundu la ufunguo.

Aliinama, akalimulika kwa tochi ya simu, akacheka. "Mzee, tundu hili halijaonja ufunguo tangu gari literemke melini."

Alikuwa amesema kweli. Kwa miaka mitano nilikuwa nikifungua kwa rimoti tu, na muda wote huo tundu lilikuwa wazi kwa vumbi la barabara yetu na hewa ya chumvi inayopanda kutoka baharini. Ndani ya silinda ya kitasa kuna visahani vyembamba vya shaba, kila kimoja na springi yake, ambavyo ufunguo sahihi huvipanga usawa mmoja ili silinda izunguke. Kisahani kimoja kikikwama kwa uchafu, ufunguo sahihi kabisa huwa sawa na ufunguo wa jirani. Fundi alipuliza vumbi kwa pampu ndogo ya mkono, akanyunyiza mafuta ya kulegeza kutu kidogo tu, akasubiri kama dakika kumi huku akinywa maji, kisha akaanza kuuingiza ufunguo na kuutoa, kuuingiza na kuutoa, bila kuuzungusha, kila mara akiufuta kwa kitambaa. Mara za kwanza kitambaa kilitoka na uji mweusi. Baadaye kikatoka na rangi ya kahawia. Baada ya zaidi ya nusu saa aliushika kwa vidole viwili tu karibu kabisa na tundu, akautikisa juu chini kama mtu anayemwamsha mtoto, akauzungusha nusu, ukarudi, akauzungusha tena, na tukasikia sauti nzito ya chuma ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwenye gari lile. Mlango wa dereva ukafunguka. Ile mingine mitatu haikutikisika, kwa sababu ufunguo huiamuru milango mingine kwa umeme, na umeme haukuwapo.

Kutoka hapo njia zilikuwa mbili. Kwa ndani, chini ya mlango wa nyuma, kuna kifuniko kidogo cha plastiki, na nyuma yake kuna kikono cha dharura kinachofungua kitasa cha nyuma kwa mkono. Mtu mwembamba hulaza viti vya nyuma, akatambaa hadi huko na bisibisi bapa, na kazi ikaisha. Mimi si mwembamba, na hata mpwa wangu aliyejitolea asingeweza, kwa sababu nilikuwa nimeacha maboksi sita ya vigae yamesimamishwa kuelekea mlango huohuo. Tukachukua njia ya pili.

Kikono cha kufungulia boneti kiko chini ya usukani na hufanya kazi kwa waya wa chuma, hakijui habari za umeme. Boneti ikainuka. Ndani ya kisanduku cha fyuzi cha mbele, chini ya kifuniko chekundu, waundaji waliacha nguzo ya chanya iliyounganishwa na betri ya nyuma kwa waya mrefu unaopita chini ya gari, kwa ajili ya siku kama hiyo. Mimi nilikuwa nimechomoa hasi tu, kwa hiyo bodi lote la gari lilikuwa bado hasi ya kila kifaa. Ukiitia chanya ya volti 12 pale mbele na hasi kwenye chuma kitupu cha bodi, gari zima linaamka, hata kama betri yake yenyewe imetengwa kule nyuma.

Tulihitaji betri na waya. Shemeji alikuwa tayari kulisogeza gari lake, lakini waya za kubusti hatukuwa nazo, na vipande vya waya wa nyumba vya milimita za mraba 2.5 nilivyorudi navyo kutoka kwenye ujenzi sikutaka kuviunganisha na betri kubwa ya gari jingine, kwani betri kubwa ikikutana na kosa hutoa umeme mwingi kiasi cha kuyeyusha waya ukiwa mkononi. Kitasa kinahitaji umeme mdogo, tena kwa sekunde moja tu. Tukaenda kijiweni, tukamwomba dereva wa bodaboda betri ya pikipiki yake, nayo ni ya volti 12 vilevile. Aliichomoa mwenyewe, akaja nayo ameipakata, akisema haiachi mikononi mwetu bila yeye kuwepo.

Prius hii ina tabia ya kuamsha pampu ya breki mara mlango wa dereva unapofunguliwa, na pampu hiyo hula umeme ambao betri ya pikipiki isingeumudu. Kwa hiyo nilifunga mlango kwanza, nikiwa na ufunguo mfukoni. Fundi alishika waya wa chanya kwenye nguzo ya kisandukuni, nami baada ya kuhakikisha mara tatu kwamba upande wa alama ya kujumlisha ndio uliokwenda huko, nikagusisha waya wa hasi kwenye bolti tupu ya bodi. Kuhakikisha mara tatu si woga. Ukigeuza chanya na hasi kwenye gari la mseto kama hili, lenye injini na mota ya umeme, unaweza kuunguza fyuzi kuu ukiwa na bahati, au vifaa vya kielektroniki vyenye bei ya kukutia maradhi ukiwa huna. Cheche ndogo iliruka, taa moja ya ndani ikawaka. Shemeji akabonyeza rimoti, vitasa vyote vikaitikia kwa pamoja, akakimbilia nyuma akabonyeza kile kitufe, na mlango wa nyuma ukainuka. Mwenye bodaboda akapiga makofi. Mimi nilichofanya kwanza ni kuondoa waya wa hasi, kisha nikaenda nyuma kuiangalia spana yangu iliyokuwa imelala juu ya maboksi ya vigae.

Betri yenyewe, kwa kuwa ilikuwa imetengwa, ilisoma volti 12.4 kwenye mita ya fundi, si haba kwa siku zote zile. Nilirudisha waya, gari likawaka mara moja. Vioo vya madirisha vilikuwa vimesahau kujipandisha vyenyewe na ilibidi nivifundishe upya kwa kushikilia swichi, na redio ilikuwa imerudi saa saba kamili. Fundi alinitazamia betri na kufurahi kuwa bado ni ile aina iliyozibwa yenye kibomba cha kutolea hewa nje, kwa maana betri hii imo ndani ya chumba kimoja na abiria, na wapo wanaoweka ya kawaida kwa kubana matumizi bila kufikiria kuwa gesi yake itatokea walipokaa watoto.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiuliza kila mwenye gari ninayekutana naye njia ya gari lake ikoje, na majibu yanatofautiana kuliko nilivyodhani. Toyota IST na wenzake wenye betri chini ya boneti hawana shida: ufunguo wa chuma, kikono cha boneti, umefika. Toyota Aqua imeiweka betri yake ndogo chini ya kiti cha nyuma. BMW nyingi zina betri kwenye buti, lakini nazo zina nguzo ya chanya chini ya boneti. Yapo magari ambayo ukiyatazama utaapa hayana tundu la ufunguo, kumbe limefichwa chini ya kifuniko cha plastiki kwenye kishikio cha mlango, na kwenye uvungu wa kishikio kuna upenyo wa kuingiza ncha ya ufunguo na kukibandua. Chevrolet Corvette ya kizazi cha sita, ambayo milango yake hufunguka kwa vitufe vya umeme, tundu lake liko nyuma ya gari, na ndani ya buti kuna kamba ya kuvuta inayoufungua mlango wa dereva. Porsche 911 ya kizazi kinachojulikana kama 997 ina betri mbele chini ya boneti inayofunguka kwa umeme, ndiyo maana kwenye kisanduku cha fyuzi miguuni mwa dereva wameweka nguzo ya kuvuta nje. Tesla Model 3 ina waya mbili nyuma ya kifuniko cha ndoano ya kuvutia, kwenye bampa la mbele, za kufungulia boneti kwa betri ya nje. Kila mtengenezaji ameficha njia, na kila mmoja ameificha kwake.

Nilimlipa fundi shilingi 20,000 na mwenye bodaboda 5,000, akarudi kijiweni kuirudisha betri yake. Fundi kabla ya kuondoka alinionya kwamba yale mafuta aliyonyunyiza yatavuta vumbi jipya, akanifundisha kukwangua penseli na kuupaka ufunguo unga wake mweusi badala ya kuongeza mafuta. Jumamosi za mwisho wa mwezi huwa nafungua mlango wa dereva kwa ufunguo wa chuma, kulia na kushoto mara tatu. Nikienda Bukoba tena nitachomoa hasi kama kawaida, ila nitaufunga mlango wa nyuma buti likiwa tupu bila vigae, na mlango wa dereva nitaufunga kwa ufunguo mwenyewe nikiusikia. Waya za kubusti na spana namba 10 sasa zinakaa jikoni, kwenye droo ya vijiko, na mke wangu hajasema neno.